Kutengeneza Nguo za Ngozi Nyumbani

Mwezi huu nataka kusema nanyi juu ya kazi ndogo ya nyumbani ambayo watu wengi huidharau, nayo ni kutengeneza nguo za ngozi zilizopasuka au kukauka. Huenda mtu akasema, “Nguo za ngozi zilikwisha zamani za babu zetu, sisi twavaa pamba.” Kwa upande mmoja asema kweli. Lakini mtu huyo na atembee katika barabara za Dodoma mwezi wa Juni au Julai, wakati wa kipupwe, usiku ambapo joto hushuka hata karibu nyuzi 13 au 14, na upepo hauna kizuizi katika uwanda huu wetu. Atawaona vijana wa pikipiki na walinzi wa usiku wamevaa makoti ya ngozi. Mengi ya makoti hayo yametoka nchi za mbali katika marobota ya mitumba, na yakipasuka hutupwa jalalani kwa sababu hakuna nyumbani ajuaye kuyashona.

Tena yako mavazi ya ngozi ya namna nyingine. Katika masanduku ya wazee wetu huko Mvumi, Mpwapwa, Bahi na Manyoni bado huonekana mara moja moja ngozi ya mbuzi iliyolainishwa kwa mikono: mbeleko, mshipi, au vazi la mama mzee. Hizo nazo hutupwa, si kwa kukosa ujuzi tu, bali kwa aibu. Nyumba yetu imepata kuwa na vyote viwili, mbeleko ya zamani na koti la mtumba, nami nimevitengeneza vyote viwili kwa mikono yangu. Kwa hiyo nitawaeleza niliyojifunza, na sababu iliyonifanya nione kwamba kazi hii si ya sindano peke yake.

Yafaa kwanza tujue ngozi ni kitu gani. Ukiitazama ngozi kwa kioo cha kukuzia vitu utaona kwamba ni nyuzi nyembamba mno, zilizosukana huku na huku kama mkeka usio na mpango. Mnyama akiwa hai, kati ya nyuzi hizo mna maji na mafuta, nazo huteleza moja juu ya nyingine. Ndiyo maana ngozi ya mnyama hujikunja na kunyoka bila kukatika. Mnyama akiisha kuchunwa, maji hukauka, nyuzi hushikamana, na ngozi huwa ngumu kama ubao. Ukiilowesha na kuiacha huoza. Ukiichemsha hulegea na kuwa gundi. Gundi ya maseremala wa zamani ilitoka huko. Ngozi mbichi iliyolowa hujikunyata ikifikia joto la karibu nyuzi 60, wala hairudi tena kuwa kama ilivyokuwa.

Basi kazi yote ya mtengeneza ngozi tangu zamani ni kuzuia mambo hayo mawili, kuoza na kushikamana. Babu zetu katika Ugogo waliiwamba ngozi kwa vigingi, wakaikwangua nyama na manyoya, wakaipaka mafuta, wakaifikicha na kuikanyaga hata ikalainika. Watu wengine hutumia maji ya magome na ya matunda ya miti yenye ukakasi, kama mgunga. Na huko Njombe, tangu mwaka 1949, kampuni ya miwati ilipanda miti mingi kwa ajili ya dawa ya ngozi itokayo katika magome yake. Viwandani siku hizi sehemu kubwa ya ngozi hutiwa chumvi za kromiamu, njia iliyovumbuliwa katika karne ya 19, nayo huifanya ngozi ivumilie maji na joto kuliko nyingine zote. Mtu akishika vazi la ngozi, sharti ajiulize kwanza ni la namna gani. Ile ya mafuta tu haivumilii maji hata kidogo. Ile ya magome huvumilia kiasi. Ile ya kiwanda huvumilia zaidi. Dawa ya moja yaweza kuwa sumu ya nyingine.

Nirudi sasa kwa ile aibu niliyoitaja. Watu wengi hudhani kwamba nguo ya pamba ilikuja Ugogo pamoja na Injili, na kwa hiyo pamba ni vazi la Kikristo na ngozi ni vazi la giza. Sivyo ilivyokuwa. Ugogo ulikuwa katika njia kuu ya misafara itokayo pwani kwenda Tabora na Ujiji. Burton na Speke walipopita mwaka 1857, na Stanley alipopita mwaka 1871, watemi wa Kigogo walikuwa wakitoza hongo ya kupita nchini na ya maji, na hongo hiyo ililipwa kwa nguo: merikani, kaniki, na vitambaa vya rangi. Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876, na kazi yao ikasimama imara mwaka 1878; kituo cha Mvumi kilianza mwaka 1900. Kwa hiyo pamba ilikuwa imetangulia mbele ya kitabu. Mtu aliweza kuvaa merikani na kuwa katika giza, na mwingine aliweza kuvaa ngozi na kuisikia sauti ya Mungu.

Wala Maandiko hayaidharau ngozi. Katika Mwanzo, sura ya 3, twasoma kwamba Mungu mwenyewe aliwafanyia Adamu na mkewe mavazi ya ngozi kabla ya kuwatoa bustanini. Eliya alijulikana kwa mshipi wake wa ngozi, na Yohana Mbatizaji vivyo hivyo. Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, wawataja watu wa imani waliozunguka-zunguka wamevaa ngozi za kondoo na za mbuzi. Petro alikaa siku nyingi Yafa katika nyumba ya Simoni mtengenezaji wa ngozi, ingawa kazi ile ina harufu mbaya na watu wengi waliiepuka. Mtume alilala katika nyumba ile, na hapo ndipo alipoonyeshwa kwamba asimwite mtu ye yote najisi.

Nayasema haya kwa sababu ya jambo lililotokea katika ukoo wetu. Bibi yangu mzaa baba alizaliwa baada ya Mtunya, njaa ile kubwa ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya pande zote mbili kuchukua ng'ombe na nafaka za watu, na mvua nayo ikakosa. Watu wengi sana wa Ugogo walikufa. Bibi alikuwa akisema kwamba utotoni mwake mbuzi alihesabiwa kama mtu wa nyumbani, na mbuzi aliyechinjwa hakupotea kitu hata kwato. Alipopata mimba ya kwanza, mama yake alimlainishia ngozi ya mbuzi kuwa mbeleko. Wakati huo bibi alikuwa amekwisha kubatizwa, naye akaitumia mbeleko ile kwa watoto wake wote sita, akienda nayo shambani na kanisani.

Bibi alifariki mwaka 2014, mwenye umri wa zaidi ya miaka tisini. Matanga yalipokwisha, jamaa walikaa kugawana vitu vyake. Masufuria yaligawanywa, na majembe, na kanga, na Biblia yake akapewa mjukuu wa kwanza. Chini ya sanduku ikaonekana ile mbeleko, imekunjamana, ngumu kama gome, na tundu moja pembeni. Baba mkubwa, ambaye ni mzee wa kanisa na mtu wa maombi, alisema ichomwe moto. Alisema, “Hiki ni kitu cha zamani za ujinga. Kikibaki, kesho watoto watakifanyia matambiko.” Watu wakanyamaza, maana neno lake ni zito, wala hofu yake haikuwa ya bure, wako waliokwisha kurudia mambo ya namna hiyo katika shida.

Shangazi, ambaye amfuata yeye kwa kuzaliwa, akasema kwa upole, “Kaka, wewe ulibebwa na nini?”

Baba mkubwa hakujibu upesi. Aliichukua ile ngozi, akaitazama mahali palipochakaa katikati, ambapo mgongo wa bibi na kifua cha mtoto viligusana. Mwisho akasema, “Nilibebwa humu. Basi mpeni mtu atakayeitunza, lakini aseme mbele yetu sote kwamba ataitunza kama nguo, wala si kama mzimu.” Mimi nikasema hivyo, nikapewa. Naona kwamba neno lake lilikuwa la hekima. Kitu kikiharibika na kufichwa sandukuni huanza kuogopwa; kikisafishwa, kikashonwa na kuwekwa wazi, kila mtoto aliona tu kuwa ni nguo ya bibi.

Sasa nieleze jinsi nilivyoitengeneza, kwa maana namna hii ya ngozi yataka uvumilivu kuliko nyingine. Neno la kwanza: usiifue kamwe. Ngozi iliyolainishwa kwa mafuta tu, ikiingia majini, yale mafuta hutoka, na ikikauka huwa ngumu maradufu na kupasuka. Niliipangusa vumbi kwa burashi laini, nikifuata upande mmoja. Neno la pili: usiikunjue kwa nguvu. Mikunjo ya ngozi kavu hukatika kama karatasi iliyoungua. Nilingoja mvua. Katika Dodoma mvua zetu ni chache, hunyesha tangu Desemba hata Aprili, na miezi mingine yote hewa ni kavu mno. Ukavu huo ndio adui mkubwa wa ngozi katika nchi hii. Katika Januari, hewa ilipokuwa na unyevu, niliifunika ngozi kwa kitambaa kikavu, na juu yake nikaweka kitambaa kilichokamuliwa maji, nikaiacha usiku mmoja. Asubuhi ililegea kidogo. Nikaikunjua kiasi kile ilichokubali, basi, nikaacha. Kazi hiyo ilichukua siku tano, na kila siku niliitazama isije ikaota ukungu.

Neno la tatu ni mafuta. Watu huuliza, ni mafuta gani? Samli na mafuta ya ng'ombe yalitumiwa na wazee, nayo hulainisha vizuri, lakini yakikaa huchacha, hunuka, na kuita panya na wadudu. Mafuta ya alizeti, ambayo kwetu na kwa jirani zetu wa Singida ni mengi, hayafai, kwa kuwa kidogo kidogo hugandamana katika hewa na kuiacha ngozi inanata. Yaliyo mema ni mafuta ya nyonyo, maana hayakauki wala hayagandi upesi. Ila mbegu za nyonyo zenyewe ni sumu. Wasiachiwe watoto kuzichezea. Nilitia matone machache kiganjani, nikasugua viganja hata mafuta yakapata moto, kisha nikapaka upande wa ndani wa ngozi, kidogo sana, nikaiacha siku mbili kivulini. Nikarudia mara nne. Mwenye haraka hupaka mengi mara moja, na ngozi hulowa, huwa nyeusi, wala haishiki uzi tena. Ngozi hunywa polepole.

Lile tundu la pembeni niliwekea kiraka kwa nyuma, kipande cha ngozi ya mbuzi iliyo nyembamba kuliko mbeleko yenyewe. Wazee walishonea kano za mnyama. Mimi nilitumia uzi wa kitani uliopakwa nta. Hata hivyo sikuona vema kumbeba mtoto humo, kwa kuwa ngozi yenye umri ule haiaminiki kubeba uzito. Mjukuu wetu alipobatizwa alibebwa kwa kitenge kipya, na ngozi ya bibi ikawekwa juu yake kama kifuniko tu, kutoka nyumbani hata mlangoni pa kanisa. Baba mkubwa alikuwapo, naye ndiye aliyeishika ilipotolewa.

Koti la ngozi lilikuja baadaye. Mwanangu huendesha pikipiki kwa kupakia watu, akalinunua koti la mtumba katika soko la Sabasaba. Jioni moja, katika barabara iendayo Iringa, mbuzi alikatiza mbele yake, naye akaanguka juu ya changarawe. Alirudi nyumbani anachechemea. Mkono wa kuume wa koti ulikuwa umesagika kiwikoni hata bitana ikaonekana, na mshono wa bega umefumuka. Nilipomvua koti, mkono wake mwenyewe ulikuwa na mchubuko mdogo tu. Ngozi ya ng'ombe wa nchi ya mbali ilichanika mahali pa ngozi ya mwanangu. Nilimshukuru Mungu, kisha nikalitundika koti ukutani, nikasema sitalitupa.

Mwanangu hakupenda kuvaa koti lenye kiraka. Alisema, “Mama, abiria watasema mimi ni fukara.” Wala hakuwa na fedha za kununua jingine, na usiku wa Julai ulikuwa mbele yake. Nikamwambia, “Abiria aonaye kiraka atajua kwamba wewe umekwisha kuanguka, ukapona, huenda akakuambia uende polepole, nayo itakuwa faida.” Akacheka, akakubali.

Nanyi mkitaka kufanya kazi kama hiyo, fuateni taratibu hii.

Kwanza, hakikisha kwamba vazi ni la ngozi kweli. Tazama upande wa nyuma mahali pasipo bitana, kama ndani ya mfuko. Ngozi ya kweli ina nyuzi za manyoya-manyoya zisizo na mpango. Ngozi ya bandia ina kitambaa kilichofumwa, na juu yake utando wa plastiki. Ile ya bandia ikianza kuambuka magamba haina dawa, maana utando wenyewe umekwisha kuoza. Usipoteze siku zako juu yake.

Pili, isafishe. Tumia kitambaa chenye unyevu na sabuni laini kidogo, kisha kitambaa kingine chenye maji matupu, ukaitundike kivulini siku nzima. Usitumie petroli wala mafuta ya taa: huondoa mafuta ya ngozi na kuikausha, tena yaweza kuwasha moto nyumba. Usikaushe juani wala karibu na jiko.

Tatu, fumua bitana kwenye mshono wake, usiikate, ili upate kuifikia ngozi kwa nyuma. Ondoa nyuzi zinazoning'inia, lakini usikate ngozi nzima kwa kutaka tundu liwe la kupendeza. Kila kilichokatwa kimepotea.

Nne, tayarisha kiraka. Mkoba wa zamani uliokwisha kamba wafaa sana. Kiraka na kiwe na unene ulio sawa na wa vazi au pungufu yake, na kizidi tundu kwa kadiri ya sentimita 2 kila upande. Pembe zake zizungushwe, maana pembe kali huinuka na kubanduka. Kingo zake zipunguzwe unene kwa wembe upande wa nyuma, zisifanye nundu. Kisha kilowesha kiraka kwa maji na kukiacha kikauke kivulini kabla ya kukishona. Wasomaji wa Injili wataitambua sababu. Bwana wetu alitoa mfano wa kiraka kipya katika vazi kuukuu, Marko sura ya 2. Na jambo hilo huonekana wazi katika ngozi, kwa kuwa kiraka ambacho hakijawahi kulowa kitajikunyata siku ya mvua ya kwanza, na kuvuta vazi hata likapasuka palipokuwa pazima.

Tano, paka gundi ya washona viatu, nyembamba, pande zote mbili, ukiwa nje penye hewa kwa sababu ya harufu yake. Ngoja hata isishike kidole, ndipo ukaibandike. Weka ubao juu yake, na jiwe juu ya ubao, usiku kucha.

Sita, toboa. Hapa ndipo ngozi inapoachana na nguo za pamba. Sindano ikipita katika pamba, nyuzi husogea kando, na ukiitoa hurudi. Katika ngozi tundu halizibiki milele. Kwa hiyo pima kabla ya kutoboa. Matundu yaachane kwa kadiri ya milimita 4, yasikaribie ukingo chini ya milimita 3. Fundi mgeni hudhani kwamba matundu ya karibu-karibu yanatia nguvu. La, huifanya ngozi kuwa kama mstari wa stempu za barua, ikakatika hapo hapo. Tumia msharasi wa fundi viatu. Na mshono uliofumuka, kama lile bega, ushonwe katika matundu yake ya kwanza. Usiongeze hata moja.

Saba, shona kwa sindano mbili katika uzi mmoja, moja kila mwisho wa uzi. Katika kila tundu sindano zote mbili hupita, moja ikitoka huku na moja ikitoka huko, kisha vuta zote kwa nguvu sawa. Mshono wa cherehani uzi wake ukikatika mahali pamoja huanza kufumuka wote. Mshono huu wa mkono upande mmoja ukikatika, upande wa pili bado hushika. Uzi wa nailoni wadumu kuliko wa pamba, nao upakwe nta ya nyuki.

Nane, rudisha bitana, kisha lisha ngozi. Yeyusha nta ya nyuki sehemu moja na mafuta ya nyonyo sehemu tatu, chombo kikiwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Ikipoa huwa kama marhamu. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa kuwa hutia weusi kidogo. Kisha paka kwa kitambaa, ukasugue hata isishike mkono. Usipake dawa ya viatu kwenye ukosi. Itachafua shati kila siku.

Koti lilirudi mwilini mwa mwanangu siku ya nne, lina viraka viwili vya kiwiko, maana niliweka cha pili katika mkono mzima ili vifanane. Wenzake wawili wakaja na makoti yao. Mmoja lilikuwa na zipu mbovu tu; nikalitia nyingine kwa matundu yale yale. La wa pili lilikuwa limepakwa rangi nyingi nyeusi na aliyemwuzia, na chini ya rangi ngozi yote ilikuwa imekatika-katika. Hilo halikuwezekana. Nilimkumbuka Yoshua na wale watu wa Gibeoni waliokuja na viatu vyenye viraka ili wamdanganye: kumbe kiraka chaweza kuwa uongo, na rangi nayo yaweza kuwa uongo. Atengenezaye vazi ili alivae anasema kweli kwa sindano yake. Afunikaye ufa ili auze anasema uongo kwa brashi. Mafundi Wakristo na wauzaji wa mitumba, angalieni jambo hili.

Mwisho nasema na walimu. Nchi yetu ni miongoni mwa nchi za Afrika zenye ng'ombe wengi zaidi, na katika minada yetu twaona ngozi nyingi zimeharibika kabla hazijafika kwa fundi. Nyingine zina alama za chapa ya moto katikati ya ubavu, nyingine zimekatwa-katwa kwa kisu cha mchunaji, nyingine zimetandazwa chini juani hata zikaungua. Zamani za Waingereza, Idara ya Mifugo iliyokuwa na makao yake Mpwapwa ilifundisha watu kuwamba ngozi katika fremu penye kivuli. Fundisho hilo halijazeeka. Mtoto ajuaye jinsi ilivyo vigumu kuziba tundu moja la ngozi, huenda kesho akichunga au akichuna ataona huruma, akaweka chapa mguuni badala ya ubavuni. Vipande vya mikoba iliyochakaa, sindano mbili na nta kidogo vyatosha kwa somo la mchana mmoja.

Nao akina mama, fungueni masanduku. Kilichokauka kipeni mafuta, kilichopasuka kipeni kiraka, na watoto wakiuliza ni nguo ya nani, waambieni jina la mwenyewe.

Ni mimi mwenzenu katika Bwana.